Risasi ya kumwindia elgi: niliyojifunza katika misitu ya Jämtland

Waswahili wenzangu wanaoanza kuwinda huku Uswidi huniuliza swali lilelile: "Kaka, ninunue kaliba gani?" Wanataka jibu la neno moja ili waende dukani. Nawaelewa, maana bunduki ni ghali, kibali cha polisi huchukua muda, na hakuna anayetaka kununua mara mbili. Lakini mimi sianzi tena na kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi ambayo bunduki inapiga. Naanza na mapafu ya mnyama, naenda kwenye kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka kutoka mtutuni, halafu kwenye bega la mpigaji. Tukishamaliza hapo, kaliba huwa imejichagua yenyewe.

Elgi, ambaye Wamarekani humwita musi, ndiye mkubwa kuliko wanyama wote wa jamii ya kulungu. Dume aliyekomaa huku Jämtland anaweza kufika kilo 400 na kuzidi, na akisimama mabega yake yanafika juu ya kichwa changu. Kwa aliyekulia Tanzania, ukubwa wake ni wa kumfikiria pofu, isipokuwa huyu ana miguu mirefu zaidi, manyoya mazito, na mwili mweusi unaopotea kabisa kati ya misonobari. Mtu akimwona mara ya kwanza huwaza: huyu bila mzinga haanguki. Wazo hilo ndilo linalowapeleka wengi kwenye risasi kubwa kupita kiasi.

Marehemu baba yangu alikuwa bwana nyama upande wa Rungwa, akitembea na bunduki ya kaliba ya .375 kwa ajili ya nyati na tembo waliovamia mashamba. Sikuwahi kuwinda naye, lakini maneno yake nayakumbuka: "Mwanangu, usinitajie ukubwa wa risasi. Niambie itaingilia wapi na itatokea wapi." Nilikuja kuyaelewa nikiwa mtu mzima, nimevaa fulana ya rangi ya chungwa, nimesimama kwenye theluji ya Oktoba.

Kinachomuua mnyama ni tundu. Risasi ikipita mapafu yote mawili, mapafu yanasinyaa, damu inajaa kifuani, ubongo unakosa hewa, na ndani ya sekunde chache fahamu zinamtoka. Huko ndiko kuua kwa huruma: muda mfupi kabisa kati ya mlio wa bunduki na mnyama kupoteza fahamu. Hakuna risasi ya bunduki ya kushikwa begani inayomrusha elgi chini kwa nguvu ya mshindo tu. Anayeanguka papo hapo amevunjwa uti wa mgongo au ameguswa mishipa mikuu ya fahamu. Aliyepigwa vizuri mapafuni mara nyingi hukimbia mita hamsini, au husimama palepale akitazama kama vile hajasikia kitu, kisha miguu inamlegea. Ukiwa mgeni utadhani umekosa. Ndiyo maana kiongozi wetu wa msako hurudia kila asubuhi: ukishapiga, sukuma risasi nyingine ndani, na kama bado amesimama na unamwona vizuri, piga tena.

Sasa kanuni, kwa sababu ndiyo inayokufunga kabla ya yote. Katika masomo ya mtihani wa uwindaji tulifundishwa kwamba risasi zimegawanywa kwa madaraja, na elgi yuko daraja la 1 pamoja na dubu. Kichwa cha risasi lazima kiwe cha kupanuka kinapoingia mwilini. Kisha kuna njia mbili za kukidhi. Ama kichwa kiwe na angalau gramu 9 na kibaki na nguvu ya angalau jouli 2,700 kikifika mita 100, ama kiwe na angalau gramu 10, na hapo jouli 2,000 zinatosha. Majirani zetu Norwe na Ufini nao hupima kwa uzito wa kichwa na nguvu ya mita 100, ingawa tarakimu si zilezile kila mahali, kwa hiyo ukivuka mpaka usiende na kanuni za nyumbani.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilishangaa kwa nini kichwa kizito kimesamehewa nguvu. Sababu ni kwamba kichwa kirefu na kizito kwa upana wake huendelea kupenya hata mwendo ukipungua. Kinachotafutwa ni kufika upande wa pili wa kifua, na uzito husaidia kufika. Hesabu yenyewe ni ya shule: nusu ya uzito kwa kilo, zidisha mwendo mara mwendo. Kichwa cha gramu 10.1 kikipita mita 100 kwa mwendo wa mita 680 kwa sekunde kina takriban jouli 2,335. Kichwa cha gramu 11.7 kutoka kaliba ya .308 Winchester kikiwa na mita 720 kwa sekunde kina takriban jouli 3,033. Vyote viwili vinaruhusiwa.

Kwa hiyo dukani soma boksi, usisome jina la kaliba peke yake. 6.5 Creedmoor ni mfano mzuri. Boksi moja lina kichwa kilichozidi gramu 9 kidogo na nguvu yake inacheza palepale kwenye mstari wa jouli 2,700. Boksi la pembeni yake, kaliba ileile, lina kichwa chepesi cha kulengea shabaha na halifai kabisa kwa elgi. Na .243 Winchester, ambayo wengi huipenda kwa sababu haimsumbui mpigaji, kichwa chake cha kawaida cha uwindaji ni gramu 6.5 hivi. Hiyo ni ya wanyama wadogo zaidi. Kuna watu watakuambia wameua elgi kwa kaliba ndogo kuliko hiyo, na huenda ni kweli, lakini elgi aliyesimama kiubavu bila kusogea, hatua arobaini mbele yako, si kipimo. Kipimo ni yule aliyegeuka kidogo, mguu wa mbele umefunika kifua, na risasi inalazimika kuvunja mfupa kabla ya kuona pafu.

Katika kikosi chetu yupo mzee anayewinda na 6.5x55 aliyoirithi. Kaliba hiyo iliundwa kwa ajili ya majeshi ya Uswidi na Norwe miaka ya 1890, na hadi leo wazee wa huku hawataki kusikia nyingine. Bunduki ya mzee huyu mbao zake zimekwanguka, mkanda wa ngozi umekakamaa, na darubini yake vijana wanaiona ya kizamani. Ila nimemtazama akipiga. Hushusha pumzi, anasubiri elgi aweke mguu wa mbele wa upande wake hatua moja mbele, kisha ndipo bunduki inalia. Elgi wake huokotwa karibu. Ukimuuliza siri, anajibu kwamba 6.5 haimuumizi bega, kwa hiyo hufanya mazoezi mwaka mzima.

Upande mwingine wa habari hiyo niliuona msimu mmoja ambapo mgeni alialikwa kwenye eneo letu. Alikuja na .300 Winchester Magnum mpya, bunduki nyepesi, darubini kubwa. Sina neno baya juu ya kaliba hiyo; ina nguvu za ziada na inafika mbali. Lakini kwenye uwanja wa shabaha siku chache kabla, nilikuwa nimemwona akifumba macho kabla ya mlio. Alipiga risasi chache, akasema inatosha, akaifuta bunduki na kuirudisha kwenye begi.

Siku ya msako mbwa alimsimamisha elgi jike kwenye kinamasi kilichofunikwa na moss, mimea midogo laini, mita sitini tu kutoka kituo cha mgeni. Tulisikia mlio mmoja. Kisha mbwa akaanza kubweka akienda mbali, na kwenye redio ikaja sauti: "Amepigwa, lakini ameondoka." Pale alipokuwa amesimama tulikuta manyoya mafupi ya rangi ya kahawia isiyoiva na kijimajani kilichotafunwa. Hakukuwa na tone la damu ya mapovu, ile ya mapafuni. Manyoya ya namna hiyo na majani ya tumboni yana maana moja: risasi imepita nyuma ya kifua, kwenye utumbo. Mtu mzima ukiona hayo unanyamaza.

Sheria ya Uswidi inataka ukiwinda elgi uwe na uhakika wa kupata mbwa aliyefunzwa kufuatilia mnyama aliyejeruhiwa, naye aweze kufika mahali pa tukio ndani ya saa mbili. Mbwa alikuja. Lakini elgi aliyepigwa tumboni hakimbizwi. Unampa muda alale, maana ukimfukuza atavuka milima. Tulisubiri, giza likaingia, tukarudi alfajiri. Mwenye mbwa alitembea mbele, kamba ndefu mkononi, mbwa pua chini, akisimama kwenye kila tone kavu juu ya majani ya blueberi. Jike alikutwa amelala kwenye kijito, hai, masikio yakisogea. Alimaliziwa hapo. Usiku mzima! Licha ya risasi yenye nguvu kupita zote tulizokuwa nazo siku ile.

Tangu hapo, mtu akinitajia jouli bila kunitajia bega lake, namuuliza anapiga mara ngapi kwa mwaka. Kila mmoja ana mpaka wake wa teke la bunduki, na ukiuvuka, mwili unajikinga: jicho linafumba, bega linasukuma mbele, kidole kinavuta kwa kushtuka, na risasi inakwenda chini au pembeni. Namna ya kujipima ni rahisi. Mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara risasi ya kweli, mara risasi bandia ya mazoezi. Ikija ile bandia, mtutu ukicheza wakati bunduki hailii, umejua. Tiba yake ni kaliba ya chini, au bunduki nzito kidogo, au kizuia sauti mwisho wa mtutu ambacho wawindaji wengi wa huku wanakitumia na ambacho hupunguza teke pamoja na mlio. Zaidi ya hayo ni uwanja wa shabaha, kwenye sanamu ya elgi inayokimbia juu ya reli mita 80 mbele yako. Ukiweza kuiweka risasi kifuani ikiwa inakimbia, mnyama aliyesimama hatakupa wasiwasi.

Na hizo 9.3x62, bunduki nene mnazoziona kwa Waswidi wengi? Kaliba hii ina historia inayotugusa. Ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, mtengeneza bunduki wa Berlin, akiwalenga walowezi na wakulima wa Kijerumani katika makoloni ya Afrika, ambayo moja lilikuwa hili la kwetu: Tanganyika, Rwanda na Burundi. Bunduki za Kiingereza za wanyama wakubwa zilikuwa ghali mno, naye akatafuta risasi nene inayoingia katika Mauser 98, bunduki ya kawaida ya Kijerumani. Baada ya Wajerumani kuondoka na Waingereza kuingia, .375 ikatawala pori letu, ile aliyoibeba baba. Ile 9.3x62 ya 1905 ikahamia kaskazini, na leo ni kipenzi cha wawindaji wa elgi na nguruwe pori. Kichwa chake huwa cha gramu 15 hadi 18.5, na kwa risasi za kawaida za dukani mita 100 bado kina zaidi ya jouli 3,500. Teke lake ni la kusukuma zaidi kuliko la kuchapa, hutengeneza tundu pana, na huacha damu ya kufuatwa kwa macho. Kwa anayeimudu, ni risasi nzuri sana kwa msitu mnene. Kwa asiyeimudu, ni ile habari ya jike la kwenye kijito.

Mimi natumia .30-06, kaliba ya 1906, kwa kichwa cha gramu 11.7. Sioni haja ya kuipigia debe; .308 ingefanya kazi ileile na teke dogo kidogo. Kilichonichukua muda zaidi kuchagua ni kichwa chenyewe, na hapo ndipo ninapotaka wanaoanza waweke fedha zao.

Kichwa laini cha kizamani, madini ya risasi ndani na ganda jembamba la shaba nje lisiloshikamana, kikigonga mfupa wa bega kwa mwendo mkali huweza kupasuka vipande juujuu. Jeraha linaonekana kubwa, nyama ya bega inaharibika, na pafu la upande wa pili halijaguswa. Kichwa kigumu kisichopanuka nacho hupenya mwanzo mwisho na kuacha tundu la upana wa kalamu. Ndiyo maana sheria inakikataza kwa elgi, hata kama kwa tembo baba hakutumia kingine. Katikati yake ndiko kuna vichwa ambavyo madini ya ndani yameunganishwa na ganda lake la shaba kwa joto, kama Oryx ya Norma, kampuni ya huku Uswidi. Ipo pia Mega ya Lapua kutoka Ufini, ambayo kwa njia yake nayo imetengenezwa ili isiachie ganda lake. Hivi hupanuka na kubaki kitu kimoja.

Nimewahi kukiona kwa macho. Tulikuwa tunamchuna dume, tumemtundika, na nilipokuwa nikiteremsha ngozi ya ubavu wa kulia kidole changu kikagusa uvimbe mgumu chini yake. Nikachana kidogo kwa ncha ya kisu, kikadondoka mkononi: kichwa changu cha gramu 11.7, sasa kifupi, mdomo umefunguka na kukunjika nyuma kama uyoga, upana umekaribia mara mbili. Kiliingia ubavu wa kushoto, kikakata mfupa mmoja wa ubavu, kikapita mapafu yote, kikaishia kwenye ngozi ya upande wa pili. Nilikiosha na kukiweka kwenye mizani ya jikoni. Kilikuwa bado kina zaidi ya gramu 10. Tulipofungua kifua, mapafu yalikuwa yameshalegea na damu imejaa, na bega zima halikuwa na mchubuko. Dume huyo alikwenda hatua chache tu kutoka aliposimama.

Suala la risasi kama madini nalo halikwepeki. Vipande vidogo vya risasi hubaki kwenye nyama iliyozunguka njia ya jeraha, na kwa kuwa nyama hii inaliwa na watoto wangu, mimi hukata na kutupa kwa upana, mbali na pale jicho linapoona uharibifu. Wengine wameshahamia vichwa vya shaba tupu. Navikubali, ila vina tabia zake. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, takriban gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3, kwa hiyo kichwa cha shaba cha urefu uleule kina uzito mdogo, na katika kaliba nyembamba kama 6.5 uzito wa daraja la 1 unakuwa mgumu kuufikia. Angalia kanuni za mwaka husika kabla ya kulipa. Tena shaba inahitaji mwendo ili ifunguke. Ikifika imechoka, inapita bila kufunguka. Kwa hiyo ukichagua shaba, jiwekee umbali mfupi.

Umbali mfupi ndio mwendo wa huku hata hivyo. Msituni risasi nyingi hupigwa chini ya mita 100, na mimi binafsi sipigi zaidi ya 120 hata kama njia iko wazi. Mahali pa kulenga ni theluthi ya chini ya mwili, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, mnyama akiwa kiubavu. Kichwani sipigi, ubongo wa elgi ni mdogo ndani ya kichwa kikubwa, na taya iliyovunjika ni kifo cha njaa. Akinipa matako, namwacha aende. Hakuna kaliba inayobadilisha jibu hilo.

Kijana mmoja wa kutoka Uvira, ambaye amefaulu mtihani wake mwaka huu, alinipigia wiki iliyopita akiwa dukani. "Yaya," yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao, "niko mbele ya bunduki mbili. Ya 9.3 ndiyo inaua zaidi, sivyo?" Nilimuuliza nyingine ni ipi. Ni 6.5x55 iliyotumika, mtutu safi, nusu ya bei. Nikamwambia, mdogo wangu, chukua hiyo, na fedha itakayobaki nunua risasi za gramu 10.1 zenye namba ileile ya toleo la kiwandani, za kutosha mazoezi na msako, zisichanganyike na za aina nyingine. Amezichukua. Uwindaji wa elgi hufunguliwa huku Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na kila Jumamosi hadi siku hiyo tunakutana uwanjani saa tatu asubuhi, kwa sanamu ya mita 80.